Posho, Usingizi na Huzuni

Mwaka wa 1906, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Edith Willcock na Frederick Gowland Hopkins waliwalisha panya chakula ambacho protini yake yote ilitoka kwenye mahindi. Chakula hakikuwa kidogo. Panya walikula, wakakonda, wakazubaa macho nusu wazi, kisha wakafa. Kundi la pili lilipewa chakula kile kile, ila wakaongezewa dutu moja ambayo Hopkins na mwenzake Sydney Cole walikuwa wameitenga kutoka kwenye protini ya maziwa mwaka wa 1901. Panya hawa nao hawakukua, lakini waliishi muda mrefu zaidi na walikuwa wachangamfu. Dutu hiyo ni triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili wetu hauwezi kujitengenezea. Ama unaila, ama huna.

Miaka miwili kabla ya jaribio hilo, kwa mkataba wa 1904, Wamaasai walitolewa Bonde la Ufa ili ardhi igawiwe Wazungu. Bonde la Subukia, kaskazini mwa Nakuru, likawa sehemu ya nyanda zilizotengewa weupe. Waliokuja kuyalima mashamba yale kwa mikono yao walitoka kwingine, wengi wao Wakikuyu waliohama na mbuzi, ng'ombe na watoto wakitafuta malisho. Chakula walichopewa kazini kilikuwa unga wa mahindi. Kiliitwa posho.

Nataka kusimulia hadithi hizi mbili kwa pamoja, ya posho na ya triptofani, kwa sababu siku hizi zimekutana tena. Ukiingia kemisti Nakuru useme usingizi umepotea, kuna kopo la melatonini linaweza kutolewa rafuni. Ukiuliza mtandaoni utaambiwa sonona ni upungufu wa serotonini, na serotonini hutokana na triptofani, kwa hiyo kula ndizi, kula mayai, meza vidonge. Yako ndani ya maneno hayo mambo ya kweli. Lakini yana historia, na historia hiyo inapita kwetu.

Kwanza tuielewe njia yenyewe. Triptofani ikishaliwa na kumeng'enywa, sehemu kubwa kabisa hutumika kujenga protini za mwili au huvunjwavunjwa kwenye ini. Humo ndimo mwili unamopata sehemu ya niasini, ile vitamini B3. Sehemu ndogo sana hugeuzwa kuwa serotonini, kemikali ambayo chembe za neva huitumia kupashana habari. Usiku ukiingia, tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, tezi ya pineali, huichukua serotonini na kuigeuza hatua mbili zaidi ikawa melatonini. Hiyo ndiyo homoni inayouambia mwili kwamba giza limeingia. Kwa hiyo triptofani ni bibi, serotonini ni mama, melatonini ni binti wa usiku. Ukoo mmoja.

Sasa turudi shambani.

Familia nyingi zilizoingia mashamba ya Bonde la Ufa kabla ya miaka ya 1920 hazikuja kutafuta mshahara. Zilikuja kwa sababu setla alikuwa na ardhi kubwa asiyoweza kuilima yote, nao walikuwa na mifugo. Wakalima vipande vyao, wakachunga, wakamfanyia kazi kwa siku kadhaa. Waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka wa 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Bado kulikuwa na maziwa nyumbani. Kulikuwa na njahi, kunde, viazi vitamu, nduma, mtama na wimbi.

Halafu kikaja kifagio. Ndivyo maskwota wenyewe walivyoiita kampeni ya kuwapunguzia mifugo kuanzia miaka ya 1920, na mwanahistoria Tabitha Kanogo ameieleza vizuri katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na mizizi ya Mau Mau. Masetla walihofia magonjwa ya ng'ombe, na zaidi ya hapo walihofia mfanyakazi mwenye ng'ombe wake, maana mtu huyo hana shida ya kuamka saa kumi na moja akafanye kibarua. Ng'ombe wakaondolewa, wakauzwa kwa bei ya kutupa au wakarudishwa rizavu. Sheria ya 1937 ikazipa halmashauri za masetla wenyewe mamlaka ya kuamua skwota alime ekari ngapi, afuge mifugo mingapi na afanye kazi siku ngapi. Jina lenyewe linasema yote. Kifagio hufagia, na kilichofagiwa hakiulizwi.

Watu wa umri wa shosho yangu hawakuwa na neno protini. Walichokumbuka ni kwamba kulikuwa na wakati wa maziwa, kisha ukaja wakati wa kibaba. Kibaba ndicho kipimo cha unga. Unapanga foleni, nyapara anasimama hapo, unapimiwa, unaenda. Shosho alisema ugali mtupu unashibisha tumbo lakini mtu anabaki kama hajala. Hopkins aliwaona panya, shosho aliwaona watu.

Mahindi yana shida gani hasa? Sehemu kubwa ya protini yake ni zeini, na zeini karibu haina triptofani wala laisini. Tena niasini iliyomo kwenye mahindi imefungwa kiasi kwamba utumbo hauwezi kuifungua. Watu wa Mexiko na Amerika ya Kati, ambao ndio wenye mahindi tangu zamani, walijua la kufanya. Waliyachemsha na chokaa au majivu, ikafunguka, kisha wakayala na maharagwe. Mahindi yalipovuka bahari, mbegu ilisafiri, maarifa ya jikoni yakabaki. Kaskazini mwa Italia, kusini mwa Marekani, na baadaye Afrika ya kusini na ya kati, maskini waliokula mahindi karibu peke yake walipata ugonjwa unaoitwa pelagra. Ngozi inachubuka palipopigwa na jua, tumbo linaharisha, na kabla ya yote hayo au pamoja nayo, akili inachoka. Mtu anakosa usingizi, anakuwa mwepesi wa kukasirika, anazama katika huzuni. Akiachwa, anachanganyikiwa na kufa.

Daktari Hugh Stannus aliuandika ugonjwa huu Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Marekani, Joseph Goldberger alionyesha mwaka wa 1915 kwamba wafungwa wa shamba la jela huko Mississippi waliolishwa chakula cha mahindi na wanga mwingine, bila nyama wala maziwa, waliweza kupata pelagra bila kuambukizwa na yeyote. Wakubwa wa kusini hawakupenda kuambiwa kwamba chanzo ni umaskini. Mwaka wa 1937 Conrad Elvehjem akagundua kwamba niasini inatibu ugonjwa unaofanana na huo kwa mbwa, na mwaka wa 1945 ikathibitishwa kwamba triptofani nayo inafanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa mwili hutengeneza niasini kutokana nayo. Hapo ndipo mambo yakaunganika. Kikombe cha maziwa kina niasini kidogo, lakini kina triptofani, na ndiyo maana kilikuwa kinga.

Msomaji asidhani haya ni ya zamani tu. Mwaka wa 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikatikiwa mgao wa karanga, wakabaki na unga wa mahindi. Zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra. Karanga tu.

Hapa Kenya, serikali ya kikoloni ilijua kwamba chakula cha wafanyakazi kina kasoro. Mwaka wa 1931, John Boyd Orr na J. L. Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya koloni, walichapisha ripoti iliyolinganisha Wamaasai wa maziwa, nyama na damu na Wakikuyu wa nafaka, viazi na kunde. Wanaume wa Kimaasai kwa wastani walikuwa warefu zaidi kwa inchi 5 na wazito zaidi kwa ratili 23. Ripoti hiyo imekosolewa baadaye, na inastahili, kwa jinsi ilivyochukua watu waliokwisha kunyang'anywa ardhi na kuwageuza mfano wa kabila. Lakini tazama kilichofuata. Maafisa walijifunza kusema Mwafrika anahitaji kufundishwa kula. Ni wachache waliotaka kuuliza kwa nini yule aliyekuwa na ng'ombe miaka kumi iliyopita sasa hana.

Hata maharagwe yenyewe yalibadilishwa. Njahi, ambazo mama aliyejifungua lazima apikiwe, zilipungua mashambani huku maharagwe ya kuuzwa nje yakihimizwa. Mahindi nayo yakawa meupe kwa sababu soko la nje lilitaka meupe. Michael Blundell, setla aliyekuwa na shamba lake Subukia, alikuja kuwa waziri wa kilimo katika miaka ya 1950, na alipomaliza kazi hiyo nchi ilikuwa karibu kupata mahindi chotara ya Kitale. Mwaka wa 1964 ikatoka H611, mbegu iliyozaa kuliko zote zilizotangulia. Magunia yaliongezeka, njaa ikapungua, na hilo si jambo dogo. Zeini ilikuwa ile ile.

Je, nasema posho ndiyo iliyowatia maskwota huzuni? La. Mtu aliyefagiwa mifugo yake, akapewa kipande cha chuma cha kuvaa shingoni, akaambiwa ardhi anayolima si yake na haitakuwa yake, ana sababu za huzuni zisizohitaji kemia. Ninachosema ni kwamba mkono ule ule uliochukua ng'ombe ulichukua pia maziwa, yaani ulichukua mali, heshima na triptofani kwa siku moja. Anayetaka kutenganisha huzuni ya mwili na huzuni ya ardhi ana kazi ngumu hapo.

Na kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuliangalia jambo hilo. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka wa 1910 kama mahali pa kuwafungia wendawazimu. Kuanzia 1938 ilisimamiwa na daktari J. C. Carothers, ambaye hakuwa amesomea sana magonjwa ya akili alipoteuliwa. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alishikilia kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika, hasa ile ya mtu kujilaumu, na akaufananisha ubongo wa Mwafrika na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ilimpa kazi ya kueleza saikolojia ya Mau Mau, naye akaandika ripoti ambayo ndani yake suala la ardhi lilififia na tatizo likawa ni akili iliyotikiswa na ustaarabu. Frantz Fanon alimjibu katika kitabu chake cha 1961, kwa ukali uliostahili.

Lakini fikiria hesabu ya Carothers ilitoka wapi. Aliwahesabu walioletwa Mathari, na wengi wa hao waliletwa na polisi, machifu na waajiri. Mtu hupelekwa kwa polisi akivunja vitu, akitembea uchi, akimtukana bwana shamba. Mama aliyekaa kwenye kibanda Subukia, halali, hali, haongei na mtu, huyo hasumbui yeyote. Haletwi. Asipoletwa hahesabiwi, na asipohesabiwa hayuko. Sonona ni ugonjwa wa kimya, na koloni ilisikia kelele tu.

Waliotoka ofisini wakaenda waliko watu waliona mengine. Margaret Field, Mwingereza aliyefanya kazi Ghana, alikaa kwenye madhabahu za vijijini za Waashanti, na katika kitabu chake cha 1960 akaonyesha kwamba wanawake wengi waliofunga safari kwenda kuungama huko, wakijishtaki wenyewe kwa uchawi, walikuwa na sonona kali. Yaani ile ya kujilaumu, iliyosemekana haipo. Uganda, John Orley na John Wing waliwahoji watu wa vijiji viwili kwa maswali yale yale yaliyotumika London, na mwaka wa 1979 wakatangaza kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi vijijini Uganda kuliko Camberwell. Mwaka huo huo, David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha uchunguzi wao wa wagonjwa wa kawaida wa kliniki ya mashambani hapa Kenya. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na ugonjwa wa akili, mara nyingi sonona au wasiwasi, na alikuwa amekuja kulalamika kichwa, kifua au tumbo.

Hili si geni kwa aliyekulia kwetu. Ni nadra kumsikia mtu akisema ana sonona. Anasema, "Niko na mawazo." Anasema, "Kichwa imejaa." Na karibu kila mara anaongeza, "Usingizi imeisha." Saa tisa usiku macho kodo, jogoo bado, na deni la SACCO linajipiga hesabu lenyewe juu ya mabati. Kuamka mapema mno ni mojawapo ya dalili za sonona zinazojulikana zaidi duniani. Kwa hiyo si ajabu kwamba wanasayansi nao walianza kuutafuta ugonjwa huu kwenye usingizi.

Mwaka wa 1958, Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, alitangaza kwamba amepata homoni ya tezi ya pineali. Hakuwa akitafuta usingizi. Alikuwa akitafuta dawa ya mabaka meupe ya ngozi, kwa kuwa ilijulikana tangu 1917 kwamba tezi za ng'ombe huwafanya viluwiluwi wa chura wapauke. Alikusanya tezi za ng'ombe maelfu kwa maelfu kutoka machinjioni ili apate chembe tu ya kitu hicho, akakiita melatonini. Kwa ngozi ya binadamu hakikufaa kitu. Ilichukua miaka kujua kwamba ni saa ya mwili. Mwaka wa 1980 Alfred Lewy alionyesha kwamba mwanga mkali wa usiku unaizima melatonini ya binadamu, na mwaka wa 1984 Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, pamoja na wenzake, walieleza sonona inayokuja kila majira ya baridi mchana unapofupika. Tiba yao ilikuwa taa.

Hapo Subukia inatoa somo lake. Mstari wa ikweta unapita kwetu jirani. Mchana wetu ni saa kumi na mbili na dakika chache, Januari na Julai, mwaka nenda mwaka rudi. Hata saa ya Kiswahili imejengwa juu ya ukweli huo, maana saa moja ni saa moja tangu jua lichomoze, na saa kumi na mbili jioni jua linazama, bila kubembelezwa. Ule mchana unaofupika wa Ulaya hatunao. Kama sonona ingekuwa ni suala la giza tu, watu wa bonde letu wangekuwa wamekingwa na jiografia. Hawakukingwa. Kinachowaamsha saa tisa kina chanzo kingine.

Upande wa triptofani nao ulikuwa na matumaini makubwa. Katika miaka ya 1950 madaktari waliona kwamba dawa moja ya kifua kikuu, iproniazidi, iliwachangamsha wagonjwa, na ikajulikana kwamba huzuia serotonini na kemikali ndugu zake zisivunjwe. Mwaka wa 1963, Uingereza, Alec Coppen na wenzake waliwapa wagonjwa wa sonona triptofani juu ya dawa ya aina hiyo, wakapata nafuu zaidi. Wazo likazaliwa kwamba sonona ni serotonini pungufu. Ni wazo zuri, linaelezeka kwa dakika moja, na ndiyo maana limesambaa hivi.

Lakini mwili una milango. Triptofani inashindana na asidi amino nyingine kubwa kuingia ubongoni. Ukila nyama nyingi, unapata triptofani lakini unawaleta pia washindani wake. John Fernstrom na Richard Wurtman walionyesha katika miaka ya 1970 mwanzoni kwamba kwa panya, wanga ndio unaowaondoa washindani hao njiani, kwa msaada wa insulini. Baadaye, watafiti waliwanywesha watu kinywaji kinachoshusha triptofani mwilini kwa saa chache. Kwa waliopona sonona karibuni kwa dawa za serotonini, huzuni ilirudi kwa wengi siku hiyo hiyo. Kwa wasiowahi kuugua, mara nyingi hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kemikali ina kazi, ila siyo swichi ya taa.

Na vidonge? Mwaka wa 1989, huko Marekani, watu zaidi ya 1,500 waliugua maumivu makali ya misuli na damu kuharibika, na makumi wakafa, baada ya kumeza vidonge vya triptofani. Wengi wa waliougua walikuwa wametumia bidhaa ya mtengenezaji mmoja wa Japani. Mwaka wa 2002 wachunguzi waliokusanya majaribio yote ya triptofani na ndugu yake kwa ajili ya sonona walipata 108. Yaliyofanywa kwa ubora wa kutosha yalikuwa 2, yenye jumla ya watu 64. Yalionyesha dalili ya kusaidia, lakini watu 64 hawawezi kubeba dunia. Melatonini yenyewe, ilipojaribiwa kwa kiasi kikubwa mwaka wa 1976 kwa wagonjwa wachache wa sonona, iliwazidishia dalili. Leo inatumika kwa kiasi kidogo kurekebisha saa ya usingizi, kwa mfano kwa aliyesafiri mbali kwa ndege, na ipo dawa ya sonona iliyobuniwa kugusa vipokezi vyake, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka wa 2009. Lakini lile kopo la rafuni si dawa ya sonona, na anayekuuzia kama dawa ya sonona anakuuzia matumaini kwa bei ya reja reja.

Basi historia hii inatufaa nini? Mimi naiona ikitufaa mara mbili.

Kwanza, jikoni. Maskwota wa Subukia walijiokoa kwa kitu ambacho hakuna afisa aliyewafundisha. Walichanganya. Githeri, mahindi na maharagwe kwenye sufuria moja, ni jibu la tatizo la Hopkins, kwa kuwa maharagwe yana triptofani na laisini ambazo zeini haina. Wanasayansi nao wakalitafuta jibu ndani ya mbegu. Chuo cha Purdue kiligundua katika miaka ya 1960 mahindi yenye triptofani na laisini nyingi zaidi, na Evangelina Villegas na Surinder Vasal wakayaboresha huko Mexiko hadi yakafaa kupandwa, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 2000. Ni kazi kubwa. Lakini mwaka ambao maharagwe yamepanda bei, nenda sokoni uone akina mama wanavyopunguza kilo kuwa nusu, nusu kuwa gorogoro isiyojaa. Githeri inageuka mahindi na chumvi. Kifagio hakihitaji sheria kila mara, bei peke yake inatosha.

Pili, masikio. Watu waliosemwa hawana sonona waliipeleka walikopokelewa. Kila Oktoba maelfu ya mahujaji huja Subukia, kwenye kituo cha hija cha Wakatoliki cha Bikira Maria, wakapanda kilima na kubeba maji ya chemchemi kwenye vibuyu vya plastiki. Sina neno baya juu ya maji hayo. Field alifanya la maana kule Ghana kwa sababu alikaa chini palipokuwa na watu akawasikiliza wakisema shida zao, badala ya kuwangoja hospitalini. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kufanya hivyo hivyo hapa. Akiambiwa, "Niko na mawazo," aulize unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, jana ulikula nini, shamba ni la nani, na je, umewahi kufikiri kujiua.

Swali hilo la mwisho lilikuwa mtego. Kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, tuliyoirithi kwa mkoloni, kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Aliyejibu ndiyo alikuwa amejishtaki. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sasa mama wa pale kibandani anaweza kujibu bila kuogopa polisi. Inabaki awepo wa kumuuliza, na katika vijiji vingi vya bonde letu, wa kuuliza bado ni jirani. Jirani hahitaji kujua triptofani ni nini. Anahitaji kubisha hodi, akiwa na gorogoro ya maharagwe kama anayo, na akisikia jibu baya, asimwache peke yake hadi wafike zahanati.